Kwenda Rubya Kulifuta Jina la Kemilembe

Nilikwenda Rubya kwa hasira, wala sitawaficha hilo. Wengine husafiri kutembelea ndugu au kutazama nchi. Mimi nilipanda basi kwenda kugombana na mama yangu mzazi. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa na elimu ya watu wazima. Sukari tuliipangia foleni kwenye duka la ushirika, na mimi nilikuwa nafundisha darasa la tatu mjini Bukoba. Tulikaa mtaa wa Bakoba, mimi na mume wangu Eliya, karani wa bandarini na mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Mtoto wetu mmoja tu, Kemilembe, alikuwa amefariki kwa surua miaka mitatu kabla, akiwa na umri wa miaka minne. Tulimzika nyuma ya nyumba, ndani ya migomba.

Mimi nilizaliwa Mkatoliki. Nilihamia kwa Walutheri nilipoolewa, na mama hakuja harusini. Kemilembe alipobatizwa hakuja pia. Alikuja msibani tu. Akaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni pamoja na wanawake wengine, akatoa rozari, akaanza kusali kwa sauti ndogo. Mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu akamwinamia, akasema kwa heshima zote, "Waitu mama, hapa kwetu hatuwaombei wafu." Mama akairudisha rozari kwenye pindo la kanga yake. Kesho yake aliondoka mapema bila kuniaga, na tangu siku hiyo hatukutembeleana wala kuandikiana barua.

Basi, mwisho wa Oktoba akaja shemeji yangu Zakaria, mdogo wake Eliya, dereva wa lori la kahawa. Alikuwa amepita Rubya na kumsalimia mama. Tulikuwa mezani, ndizi bado za moto, akasema, "Shemeji, nimeona daftari kwa mama yako. Ameandika jina la marehemu mtoto. Tena si mara moja. Ukurasa mzima!"

Kwetu Kagera hakuna asiyejua maana yake. Siku zile za mwisho wa Oktoba kila nyumba ya Kikatoliki huandika majina ya wafu wake kwenye karatasi na kuipeleka kanisani, ili waombewe mwezi wote wa Novemba, watoke toharani waende mbinguni. Eliya aliacha kula. Akawa anatazama mlango wa nyuma, ule unaoelekea kwenye migomba.

Mimi niliwaka. Mtoto wa miaka minne atoke toharani, alifanya dhambi gani? Alimwaga maziwa? Nikaona kwamba machoni mwa mama ubatizo wetu ulikuwa maji ya kunawia tu, na mwanangu bado anahangaika mahali fulani kwa sababu mimi niliolewa na Mlutheri. Nikasema, "Nakwenda kwa mama. Atalifuta jina hilo mbele ya macho yangu."

"Nenda," Eliya akasema. "Lakini usimpigie kelele mzazi."

Mjue pia jambo hili, maana ndilo nililolibeba safari nzima. Tangu tulipomzika, jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Hatukukubaliana hivyo, lilikoma tu. Tulikuwa watu wa imani, tukaimba tenzi zetu kaburini bila kulia sana, tukasema yuko kwa Bwana, tukanyamaza. Hata majirani waliokuwa wakiniita Mama Kemilembe walianza kuniita Mwalimu, kwa kunihurumia.

Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya siku mbili. Tarehe mosi Novemba, kabla jua halijatoka, nilikuwa stendi na kikapu changu. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, taa za basi zikawa madoa mawili ya njano, na watu waliokuja kupanda walionekana miguu kwanza, kisha sura. Meli ililia bandarini. Nilijua Eliya yuko huko na vitabu vyake vya mizigo, nikatamani angekuja nami.

Niliketi karibu na bibi mmoja mnene, mchangamfu, aliyeshika mshumaa uliofungwa kwenye jani la mgomba. Mishumaa ilikuwa adimu siku zile. Nikamuuliza aliupata wapi.

"Nimeuficha tangu Pasaka," akasema. "Ni wa mume wangu. Kesho ni siku ya Marehemu Wote, nitauwasha kaburini. Alipenda kunywa rubisi mno yule mwanamume, mwanangu. Mwaka wa saba huu namwombea, na nadhani bado yuko njiani." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Na wewe unakwenda kumwombea nani?"

"Sisi Walutheri hatuwaombei wafu, bibi. Mtu akifa, amekwisha kuwa mikononi mwa Mungu."

"Alaa! Basi wa kwenu wanafika upesi kweli! Sisi wetu wanatembea kwa miguu."

Watu wa viti vya mbele wakacheka, nami nikacheka ingawa sikutaka. Bibi akanipa ndizi mbivu mbili, tukawa marafiki.

Baada ya Kemondo jua lilitoka lakini ukungu haukuondoka. Uligeuka mweupe kama maziwa, na migomba ikawa inapita dirishani mmoja mmoja, taratibu, bila shina. Nikasinzia, na ndoto yangu ikaja, ileile niliyokuwa nayo miaka mitatu. Kemilembe anatembea mbele yangu katikati ya migomba, kwenye weupe kama ule, na gauni lake la bluu. Anakwenda kwa haraka, anajua anakokwenda. Namwita, na sauti haitoki. Hageuki.

Niliamka shingo ikiniuma. Hapo ndipo nilipokubali moyoni kwamba sikuwa na hasira tu. Niliogopa. Mchana nilisema yuko kwa Bwana na niliamini kabisa, lakini kila ndoto hiyo iliponiamsha nilikuwa nauliza anakwenda wapi mtoto mdogo vile peke yake. Na sasa mama yangu, aliyenifundisha ishara ya msalaba kabla sijajua kutembea, alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba mwanangu hajafika. Je, kama anajua kitu nisichokijua? Hilo ndilo lililonipeleka Rubya, zaidi ya ugomvi.

Tulipopita Muhutwe basi lilizama kwenye tope. Utingo akaruka chini na jembe, akatuamuru wote tushuke. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na nyasi za pande zote mbili za barabara zilikuwa zimejaa senene, wale panzi watamu wa kukaanga. Wote waliokuwa na haraka wakasahau haraka yao! Wanawake walivua vitambaa vya kichwa wakavifanya mifuko, karani mmoja mwenye tai akapiga magoti kwenye maji, na bibi yangu aliweka mshumaa kifuani ili mikono yake iwe huru. Senene walikuwa wanaruka kutoka kwenye ukungu na kurudi humo humo, na sauti za watu zilisikika kutoka mbali kuliko walipokuwa.

Mimi nilisimama tu. Kemilembe alikuwa na kazi yake ya senene. Wakubwa tuling'oa mabawa na miguu, yeye alihesabu. Alijua kuhesabu mpaka sita, kwa hiyo kila senene wa saba alikuwa tena wa kwanza, na ukimsahihisha anawaanza wote upya. Nilikuwa sijalikumbuka hilo kwa muda mrefu. Nilikaa kando ya barabara, nikalia mpaka basi likatoka topeni, na bibi akanifuta uso kwa kitambaa chenye senene bila kuniuliza kitu.

Saa sita tulifika Muleba. Bibi aliteremka hapo. Akanishika mikono miwili na kuniambia, "Mwanangu, hukuniambia ni nani." Nilitaka kujibu, midomo ikafunguka, na jina halikutoka. Akatikisa kichwa, akaenda zake na mshumaa wake na senene wake. Mimi nikapata lori lililokuwa linapeleka saruji, likanishusha njia panda, nikamalizia kwa miguu.

Njia ya kwenda kwetu inapita juu ya kilima ambako unaweza kuona paa la kanisa la Rubya na nyuma yake vilima vingine, kimoja cha kijani, kingine cha bluu, kisha cha kijivu. Kengele zilikuwa zinalia. Watu walikuwa wanatoka misani wamevaa vizuri, wakanisalimia, "Nyegera waitu," nami nikaitikia nikitazama chini kwa sababu wengine walinifahamu. Nilikuwa nayapanga maneno yangu. Nitasema, mama, umenidharau vya kutosha. Nitasema, leta daftari.

Nilimkuta uani, amefika punde, bado na kanga yake ya kanisani. Alikuwa amepungua. Aliponiona alisimama, akaweka mkono kwenye nguzo ya mlango.

"Koku," akasema. Ndilo jina langu la nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja." Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Akachukua moja yeye kwanza, kama desturi inavyotaka, mgeni ajue hakuna ubaya ndani yake, akaninyooshea. Huwezi kumgombeza aliyekupa kahawa kabla hujaitafuna. Alijua hivyo vizuri sana. Nikachukua mbili, nikatafuna kwa nguvu.

Tukakaa kwenye nyasi mpya sebuleni. Nilimeza, nikasema, "Mama, nimekuja kwa ajili ya daftari."

"Daftari lipi?"

"Uliloandika jina la mtoto wangu. Zakaria ameliona. Namheshimu Mungu wako na misa zako, lakini mtoto wangu hayuko toharani! Alibatizwa. Alikuwa na miaka minne. Kama unaona ubatizo wa Walutheri ni bure, niambie mimi, niadhibu mimi, usimtese yeye kwenye karatasi. Nataka ulifute. Sasa hivi, nikiona."

Mama akanyanyuka, akafungua sanduku la mbao, akaleta vitu viwili: karatasi iliyokunjwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Akanipa karatasi kwanza.

"Hii ndiyo ya kesho. Katekista aliniandikia. Soma, wewe ndiwe mwalimu."

Nilisoma. Lilikuwepo jina la baba yangu, Antoni. Babu zangu wawili, bibi, shangazi aliyekufa akijifungua, jirani asiye na mtu. Majina sita. Nikarudia kutoka juu. Jina la Kemilembe halikuwamo.

"Limo?" mama akauliza.

"Halimo."

"Haliwezi kuwamo. Mwaka ule ule nilipotoka msibani nilikwenda kwa padri. Nikamwambia, padri, mjukuu wangu amekufa, kabatizwa na Walutheri, nimfanyie nini? Akaniuliza, walitumia maji? Nikasema ndiyo. Walitaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu? Nikasema, mimi sikuwepo, kwa kiburi changu, lakini nimesikia walitaja. Akasema, basi ubatizo ni ule ule, na mtoto mdogo vile hana cha kutakaswa. Amekwenda moja kwa moja. Usimwombee, mama. Mwombe yeye akuombee." Mama akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Koku, kesho ni siku ya hao wanaotembea. Siku yake yeye ni leo, Watakatifu Wote. Nimetoka kwenye misa yake sasa hivi. Kanga hii nimeivaa kwa ajili yake."

Nilitazama kanga ile, nyeupe na maua mekundu, imepigwa pasi.

"Na daftari?" nikauliza mwishowe.

Akacheka kwa aibu. "Mnatusumbua na hiyo elimu yenu ya watu wazima. Mwalimu wa ngumbaru alisema, kila mtu aanze na jina analolipenda. Wenzangu waliandika majina yao. Mimi niliandika hilo."

Nikafungua. Kemilembe, Kemilembe, Kemilembe, kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa zilizopinda zikipanda mistari na kushuka, M imegeuzwa, L imesahaulika na kurudishwa juu kwa mshale. Chini kabisa ya ukurasa lilikuwa limetoka sawa. Mwalimu wao alikuwa ameweka alama ya vema kwa wino mwekundu.

Nililia tena, safari hii kwa sauti. Mama hakuninyamazisha. Tulipotulia nilijikaza, maana mimi ni mke wa mzee wa kanisa. Nikasema, "Lakini mama, sisi tunafundisha mwombezi ni mmoja, Yesu Kristo. Hatuwaombi wafu watuombee."

"Ulipokuwa na mtihani wa darasa la nane uliniambia nini? 'Mama, niombee.' Mimi nilikuwa Yesu?"

"Wewe ulikuwa hai."

"Kwani yeye hayuko hai?" Akanikazia macho. "Mnafundishana nini huko Bakoba?"

Ninayo majibu leo, mchungaji amenipa mazuri kutoka kwenye Maandiko, na ningali nayaamini. Lakini pale sebuleni sikuwa nayo. Nikamuuliza tu, "Unamwambia nini?"

"Namwambia, Kemi, mjukuu wangu, mwombee mama yako, amenikasirikia sana. Namwambia, mlete kwangu nimwone kabla sijafa. Kila siku, asubuhi nikitoa majivu jikoni. Miaka mitatu."

"Mimi nimekuja kwa ugomvi, mama! Nimekuja kukugombeza."

"Sikumwambia akulete kwa njia gani," mama akasema, akainuka kwenda kutazama ndizi motoni.

Jioni tulikula ndizi na senene aliowakaanga. Kabla ya kukaanga tuling'oa mabawa pamoja, nikamsimulia habari ya kuhesabu mpaka sita, naye alikuwa haijui, akacheka akairudia mara tatu. Akaniuliza mengine. Alipenda wimbo gani, aliogopa nini, alilalia upande upi. Nilijibu yote. Jina lilitoka kinywani mwangu mara nyingi kiasi kwamba sikuliona tena linapotoka. Nikalala kitanda nilichozaliwa karibu nacho, na ndoto yangu haikuja.

Asubuhi ya tarehe mbili nilimsindikiza mama kanisani. Niliketi benchi la nyuma kabisa. Sikupiga magoti, wala sikujifanya. Ukungu ulikuwa umeingia kwa milango mpaka katikati ya viti, na katekista alikuwa anasoma majina ya wafu wa Rubya, moja baada ya jingine, polepole, na baada ya kila kundi watu wanajibu. Lilipotajwa jina la baba nilishtuka, maana sikuwa nimelisikia kwa miaka mingi. Sikumwombea. Nilisikiliza tu. Nilifikiri, kumbe watu hawa kila mwaka wanawataja wote kwa sauti, wazuri na walevi, mbele ya Mungu na majirani, na hakuna anayeona aibu.

Wakati wa kuagana mama alichana ukurasa wa daftari, ule wenye alama nyekundu, akaukunja mara mbili. "Mpelekee baba yake," akasema. "Mwambie sikuandika kwa ubaya." Nikamwomba aje Krismasi, alione kaburi, na rozari yake aje nayo, nitakayekuwa mlangoni ni mimi. Akasema ataona.

Njia ya kurudi ilikuwa kavu na jua lilikuwa kali. Nilikaa dirishani, nikaliona ziwa lote kuanzia Kemondo, tulivu, halina mwisho. Nilikuwa nimekwenda kulifuta jina kutoka orodha ambayo halikuwamo. Sikugeuka Mkatoliki, msinielewe vibaya. Bado nasema mwombezi ni mmoja, na sijamwomba mwanangu kitu. Lakini nilijifunza Rubya kwamba mimi na Eliya tulimkabidhi mtoto kwa Mungu, kisha tukafanya kana kwamba Mungu ametukataza kumtaja. Aliyelifuta jina la Kemilembe hakuwa mama. Tulikuwa sisi.

Nilifika Bakoba jua likielekea kuzama. Eliya alikuwa uani ananisubiri, bado na shati la kazini.

"Amelifuta?" akauliza.

Nikampa ukurasa. Aliukunjua, akausogeza kwenye mwanga, na nikaona midomo yake ikifuata zile herufi zilizopinda, mstari kwa mstari, kimya, mpaka akafika chini.

"Kemilembe," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeamka sasa hivi. Akalisema tena. Akakaa chini palepale uani, nami nikakaa naye, nikamweleza yote.

Mezani aliomba kama kawaida, akashukuru kwa chakula na kwa safari. "Na kwa ajili ya Kemilembe," akasema, "tunakushukuru, Bwana. Miaka minne yote."

Hatujamaliza kula, jirani yetu akabisha mlangoni akitaka chumvi. "Hodi! Mwalimu yupo?"

Eliya akainuka yeye mwenyewe, akaenda mpaka mlangoni. "Karibu," akamwambia. "Mama Kemilembe yupo ndani."